January Makamba na sheria mbili zinazokugusa

Msikilizaji wetu, kama una simu na unakwenda sokoni, iwe Maili Moja Kibaha au Kisarawe mjini, zipo sheria mbili zinazokuhusu. Zote zina alama ya mwanasiasa mmoja: January Makamba.

Makamba ni mtoto wa mwanasiasa mkongwe, Yusuf Makamba. Alikuwa msaidizi wa Rais Jakaya Kikwete kabla ya kuwa mbunge wa Bumbuli mwaka 2010. Mwaka 2012 akawa Naibu Waziri wa Mawasiliano.

Akiwa huko, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, naye akaitetea hadharani. Serikali ilisema inawalenga matapeli na wezi wa mtandaoni. Wapinzani na waandishi wa habari walisema itaziba watu midomo. Ubishi mkubwa ulikuwa kifungu cha 16. Ukichapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha umma au kutukana, kilivyopitishwa, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Mwaka huohuo aliomba kugombea urais, akaingia tano bora ya CCM. Aliyeteuliwa, John Magufuli, alimpa uwaziri wa Muungano na Mazingira. Ndipo likaja katazo la mifuko ya plastiki, yaani rambo, kuanzia Juni 1, 2019. Ukikutwa unaitumia, kanuni iliweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Wenye viwanda walilalamikia hasara.

Julai 2019 Makamba aliondolewa. Alirudi 2021 kuongoza Nishati, kisha Mambo ya Nje, hadi 2024. Waziri huondoka, sheria hubaki.

Sasa shika tofauti hii. Sheria huanza kama muswada: husomwa bungeni, kamati hupokea maoni ya wananchi, wabunge hupitisha, Rais husaini. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria iliyopo, kama ya rambo ilivyotoka kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004.

Kwa hiyo ukisikia redioni kuwa muswada umesomwa mara ya kwanza, huo ndio wakati wa kumtafuta mbunge wako. Ukishasainiwa, kusema "sikujua" hakukuokoi mahakamani.