Kutoka Uwanjani Hadi Kwenye Televisheni (Sehemu ya Pili): Goti la Edi Gathegi

Juma lililopita tulimfuata Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1914, mpaka akatundika daluga. Kwa aliyekosa gazeti, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwaka 1946 Strode na mwenzake wa Chuo Kikuu cha UCLA, Kenny Washington, walisajiliwa na Los Angeles Rams. Ligi kuu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa imemaliza misimu kumi na miwili bila mchezaji mweusi hata mmoja. Rams wakamwacha Strode baada ya msimu mmoja tu. Akavuka mpaka, akatwaa kombe la Kanada na Calgary Stampeders mwaka 1948, akaingia kwenye mieleka ya kulipwa, na hatimaye akajikuta mbele ya kamera.

Filamu iliyomtangaza ni Spartacus ya mwaka 1960. Humo anaitwa Draba, mtumwa anayepiganishwa na mtumwa mwenzake, Spartacus, ili wakubwa wa Kirumi wapate burudani. Mkono mmoja ana wavu, mwingine mkuki wenye meno matatu. Anashinda. Mkuki umefika shingoni mwa Spartacus na wakubwa wanasubiri damu, mara anageuka, anaurusha juu kule walikokaa, kisha anaparamia ukuta kuwafuata. Anauawa palepale. Maneno aliyotamka ni machache mno, lakini uasi wote unaofuata unaota kwenye kifo chake.

Nafasi hiyo kwanza alikuwa amepewa Rafer Johnson, bingwa wa dekathlon, ile michezo kumi ya riadha inayochezwa kwa siku mbili. Viongozi wa riadha wa Marekani wakamwonya kwamba akilipwa kwa kuigiza, hatahesabiwa tena kuwa mwanamichezo wa ridhaa na Olimpiki ataisikia tu. Johnson akaiacha filamu, akaenda Roma mwaka 1960 na kurudi na medali ya dhahabu. Strode, ambaye alishazoea kulipwa kwa jasho lake, hakuwa na cha kupoteza.

Kisa hicho kinatusaidia kujibu swali ambalo msomaji wa Masasi au Newala lazima atauliza: mbona kwetu hatumwoni mwanamichezo aliyegeuka mwigizaji? Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya ridhaa. Mtanzania Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa mkimbiaji wa ridhaa kama wenzake wote wa enzi ile. Sheria zilezile zilizomzuia Johnson ndizo zilizokuwa zikitawala riadha.

Sehemu ya pili ni ya vyombo vya habari. Zanzibar ilipata televisheni mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994, kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo mtu wa Nanganga au Ndanda alimjua Bayi kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Vijana waliokua baada ya hapo, pale Nanganga barabara ya Ruangwa inapochepuka kutoka ile ya Lindi na Masasi, au Masasi mjini, wamezijua sura za waigizaji wa ng'ambo kupitia vibanda vya video. Huko humjua stelingi kwa jina. Wengine wote ni adui, rafiki wa stelingi, yule polisi, yule mwenye kipara. Hao ndio tunaowazungumzia katika mfululizo huu: waigizaji wa kuunga, ambao sura zao unazitambua tangu filamu inaanza na majina yao huyajui mpaka inakwisha. Bila wao stelingi hana wa kumpiga wala wa kumwokoa.

Kwa Afrika Mashariki, mtu aliye karibu zaidi na habari yetu ni mzaliwa wa Nairobi.

Edi Mue Gathegi alizaliwa mwaka 1979 na kukulia Albany, California. Alipoingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, akili yake yote ilikuwa kwenye mpira wa kikapu. Kisha goti likaumia. Tofauti na Strode, hakufika kwenye michezo ya kulipwa. Mlango ulifungwa angali barazani. Alipatwa na sonona, na katika hali hiyo akachukua somo la uigizaji kwa sababu moja tu, kwamba alidhani ni somo jepesi. Halikuwa jepesi, ila lilimshika. Kutoka hapo akaenda kusomea uigizaji katika shule ya Tisch ya Chuo Kikuu cha New York.

Tazama kazi alizopata baada ya shule. Katika filamu ya Crank ya 2006 ni dereva wa teksi kutoka Haiti. Katika Gone Baby Gone ya 2007 ni mkubwa wa dawa za kulevya huko Boston, naye Mhaiti. Mwaka huohuo akaingia kwenye tamthilia ya House akiwa mmoja wa madaktari wanaogombea kazi chini ya daktari mkorofi. Mwaka 2008 akawa Laurent, mnyonya damu mwenye lafudhi ya Kifaransa, katika Twilight. Kwenye The Blacklist ni Matias Solomon, muuaji mwenye adabu na tabasamu la kukutia baridi. Kuanzia 2016 hadi 2018, katika StartUp, ni Ronald Dacey, kiongozi wa genge la Wahaiti mjini Miami, baba wa familia anayetaka kutoka kwenye uhalifu na hajui pa kutokea.

Mtoto wa Nairobi amekuwa Mhaiti mara tatu, na kila Mhaiti ni mtu mwingine. Hapo ndipo tofauti yake na Strode inapoonekana. Strode aliajiriwa kwa kifua na mabega, na kwa miaka mingi watengenezaji wa filamu walimpanga asimame, atazame, asiseme sana. Walikuwepo waliomtendea haki: John Ford alimpa nafasi ya mhusika mkuu katika Sergeant Rutledge mwaka 1960, na mwaka 1968 Mwitaliano Valerio Zurlini alimpa nafasi ya kiongozi wa Kiafrika aliyechorwa kwa mfano wa Patrice Lumumba, anayeteswa gerezani. Lakini hizo ni chache katika orodha ndefu ya watumwa, walinzi na machifu wa kwenye Tarzan. Gathegi aliajiriwa kwa sauti na lafudhi, kwa namna anavyosikiliza mwenzake akisema. Mwili alikwishajua hauaminiki tangu goti lilipomgeuka.

Hii haina maana kwamba uwanja haukumpa kitu. Mwanamichezo huja na mambo ambayo mwigizaji mwingine huyatafuta kwa miaka. Amezoea kukosolewa na kocha mbele ya watu na kurudia palepale bila kununa. Na kamera hutaka kurudia, maana tukio la dakika moja huweza kupigwa asubuhi nzima. Anajua kungoja benchi na bado awe moto akiitwa. Kuna jambo moja tu analopaswa kulivua, nalo ni mazoea ya kutaka kuonekana. Uwanjani akifunga huwageukia mashabiki wamwone kuwa ni yeye. Wazee wa uwanda wa Makonde wanaielewa hatari hiyo. Mchezaji wa midimu huvaa kinyago usoni na nguo iliyofunika mwili mzima, njuga zikilia, na nguvu zake zote za ujana zinakwenda kwa yule anayemwigiza. Akitambulika kuwa ni fulani mwana wa fulani, mchezo umekwisha.

Katika X-Men: First Class ya 2011, Gathegi ni Darwin, kijana ambaye mwili wake hujibadilisha kwa kila hatari. Wenzake wakimtaka aonyeshe uwezo wake, anachovya kichwa kwenye tangi la samaki, na yanamtoka matamvua ya kupumulia majini. Anaucheza mzaha huo kwa utulivu, kana kwamba ni jambo la kila siku, na kwa sababu hiyo unamwamini. Mwaka 2025 akarudi katika Superman akiwa Mister Terrific, mhusika ambaye kwenye vitabu vya katuni alikomaza akili na mwili pamoja, akatwaa dhahabu ya Olimpiki katika dekathlon, mchezo uleule wa Rafer Johnson.

Tunajifunza nini huku kusini? Kila mwaka mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, huibua vijana wenye vipaji, na kila mwaka wapo wanaoumia na kurudi nyumbani, habari yao ikaishia hapo. Tumezoea kuamini kwamba mchezaji aliyeumia amebakiwa na ukocha, au mikorosho ya baba yake. Gathegi alipata njia ya tatu kwa kuwa chuo chake kilikuwa na somo la uigizaji hatua chache kutoka uwanjani. Kwetu njia hiyo ipo, ila iko mbali. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ilianza mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Mwalimu wa michezo wa sekondari ya Masasi akizijua anwani hizo mbili kama anavyozijua za vilabu vya mpira, kijana aliyeumia atakuwa na pa kuelekezwa.

Juma lijalo tutamtazama Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyeigiza maisha yake mwenyewe katika filamu ya Endurance, tuone kwa nini kujiigiza mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kumwigiza mwingine.