Spika za mbao au sabufa? Hesabu ya muziki wa sebuleni kutoka Mchafukoge hadi Kariakoo

Muulize mwenye duka la vifaa vya muziki Kariakoo kwa nini spika kubwa za mbao zinazidi kuadimika rafuni, atakujibu kwa herufi tatu: CBM, yaani mita za ujazo. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou hulipiwa kwa nafasi unayokula ndani ya kontena, na jozi moja ya maboksi yenye spika za inchi 12 humeza nafasi ambayo ingetosha sabufa kadhaa. Sehemu kubwa ya boksi lile ni hewa. Mtu anayelipia hewa baharini, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 18, kisha kodi ya fremu, hana moyo wa kukusimulia utamu wa besi ya mbao.

Kwa hiyo bidhaa mpya iliyotawala ni sabufa, ya 2.1 au 3.1, yenye amplifaya, redio, tundu la flashi na bluetooth humohumo. Unaichomeka kwenye umeme, unaiunganisha na simu, kazi imekwisha. Spika za zamani zina njia zake. Nyingine huja kama mtumba kutoka Ulaya na Dubai, zikiwa zimechanganywa na majokofu na televisheni. Nyingine hazitoki mbali: hushushwa ngazi kwenye maghorofa ya kata ya Mchafukoge, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, familia inapohama au wajukuu wanapogawana vyombo.

Umri wa spika hizo unaeleweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na redio ya maana ilikuwa kitu cha kuletewa na ndugu au baharia. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa alikozipata. Ilipofika enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi, redio kubwa za Kijapani zilikuwa zinaingia sebuleni. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994, hivyo kwa miaka kama kumi kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma na kupewa nafasi ya heshima kilikuwa redio na spika zake mbili.

Je, zinapiga vizuri kuliko za leo? Hapa wapenzi wa vya kale hutia chumvi. J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya Kimarekani ya KLH mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni ambayo haijapata wa kuivunja: besi nzito, boksi dogo, sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mawili, la tatu utalikosa. Zamani wati zilikuwa ghali, watengenezaji wakachagua boksi kubwa. Spika ya desibeli 92 kwa wati moja, ukiipa wati 10, hulingana na ya desibeli 86 iliyopewa wati 40, maana kila desibeli 3 hudai umeme mara mbili. Leo wati ni rahisi kuliko mbao na nauli ya meli, kwa hiyo gharama imehama kutoka kwa seremala kwenda kwenye sakiti.

Isitoshe, Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small miaka ya 1970, walionyesha jinsi ya kukokotoa boksi badala ya kubahatisha. Spika ndogo ya kisasa iliyotengenezwa kwa makini huzishinda nyingi za kale, hasa kwenye sauti ya mwimbaji. Tatizo ni kwamba siyo hiyo inayojaa Kariakoo. Inayojaa ni ile yenye wati elfu kadhaa za PMPO kwenye katoni, namba ambayo kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma: kama inavuta wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo, hata katoni iseme nini.

Lakini hesabu kubwa iko kwa fundi. Spika nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 zilizungushiwa sponji kwenye ukingo wa koni. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huila sponji hiyo hadi ikawa unga, na spika ikaanza kukwaruza. Mnunuzi mgeni hudhani imekufa. Fundi hubandua mabaki, hugundisha ukingo mpya kulingana na inchi za koni, hubadilisha kapasita zilizokauka, na koili ikiwa imeungua huisuka upya. Zenye ukingo wa mpira au kitambaa huweza kuvuka miaka 40 bila kuguswa. Spika mbovu ina bei yake, iliyotengenezwa ina bei yake, na kati ya hizo mbili ndipo fundi anapokula. Biashara chache za vifaa vya umeme mjini zinampa fundi sauti kubwa kiasi hiki katika bei.

Sabufa haimpi nafasi hiyo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, sakiti ikaungua, spika nzima zinabaki mapambo mpaka ipatikane bodi ya kuunga-unga. Na kazi ya fundi sasa ina ulinzi wa serikali: amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ilitaja pia matengenezo ya simu na vifaa vya kielektroniki.

Huko nje watengenezaji wenyewe wamerudi nyuma. JBL, iliyo chini ya Samsung kupitia Harman tangu 2017, ilitoa L100 Classic mwaka 2018 kwa sura ya ile ya 1970. Wharfedale, Mwingereza kwa jina na mali ya kampuni ya IAG ya China, ikaifufua Linton mwaka 2019. Muuzaji wa mtumba mwenye intaneti anayaona hayo, na neno “OG hiyo, bosi” lina bei yake.

Aliyepanga chumba kimoja na anayesikiliza kwa simu, anunue sabufa yenye risiti na garantii, asijisumbue. Mwenye sebule, mimi ningemshauri jozi ya zamani ya inchi 8 yenye ukingo wa mpira. Abonyeze koni taratibu kwa vidole. Ikikwaruza, koili ina kasoro, bei ishuke. Kisha aitafutie amplifaya ndogo mpya. Akishawishiwa achukue na amplifaya ya mtumba, asome volti kwanza: za soko la Japani ni 100, za Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Spika zenyewe hazina shida hiyo, lakini amplifaya ya volti 100 bila transfoma haitamaliza hata wimbo mmoja.