Karatasi Tatu za Msasa, Makali ya Mafundi Wanne

Ukipita Barabara ya Ngong kuelekea Dagoretti Corner utawaona mafundi wa mbao wakifanya kazi kando ya barabara. Mara nyingi tunasikia kijana akilalamika, "Ah, hii randa imezeeka." Randa haijazeeka, makali ndiyo yameisha. Randa butu hung'oa nyuzi za mbao. Patasi butu hutaka nguvu nyingi, halafu inateleza na kuingia kiganjani. Mkono ukiumia, kazi inasimama na nyumbani hakuna unga.

Si lazima ununue kinoo cha bei kubwa. Msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na wapaka rangi za magari, unatosha. Tafuta nambari 400, 1000 na 2000. Nambari ikiwa kubwa, chembe zake ni ndogo zaidi.

Jinsi ya kukata

Karatasi ya kawaida ni milimita 230 kwa 280. Gawa ule upande wa 280 mara nne, upate vipande vyenye upana wa milimita 70. Visu vingi vya randa vina upana wa milimita 50 au 60, kwa hiyo vitaenea. Laza karatasi upande wa chembe ukiangalia chini, weka rula ya chuma, kisha pitisha wembe mkuukuu mgongoni mwa karatasi. Usitumie makasi ya fundi cherehani, tafadhali! Chembe zitakula makali yake.

Mafundi wanne wakichanga karatasi tatu, moja ya kila nambari, kila mmoja anapata vipande vyake vitatu.

Jinsi ya kunoa

1. Tafuta kipande cha kioo kinene, kisichopinda. Kilaze juu ya meza iliyo sawa. Kingo zake zisuguliwe zisikukate.

2. Lowesha kioo, bandika msasa wa 400. Maji yataushika.

3. Laza ule upande wa mteremko wa kisu ukae wote juu ya msasa. Vuta kuja kwako tu. Ukisukuma, makali yatachana karatasi.

4. Ukihisi kijiunywele cha chuma upande wa pili, hamia 1000, halafu 2000. Futa kisu kila unapobadilisha.

5. Mwisho, laza mgongo wa kisu bapa kabisa kwenye 2000, uvute mara chache kuondoa kile kijiunywele.

Pima makali kwa kukata karatasi, wala si kwa kidole.

Wenye mabucha nao wanaweza kutumia njia hii. Lakini kisu kioshwe vizuri kabla ya kugusa nyama, maana chembe hubaki.

Kipande kikishakuwa laini kimechoka, kitupe. Ndugu fundi, ukishajua, mfundishe na kijana anayejifunza kazi kwako. Vidole vyake ndivyo mtaji wake.