MBIO ZA SAKAFUNI: GARI DOGO LA BETRI LITAFIKA WAPI?

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Gari la petroli likiishiwa njiani, dereva huchukua mtungi, akapanda matatu hadi kituo cha karibu na kurudi na lita zake tano. Gari la betri likiishiwa, hakuna mtungi wa kubeba. Kwa hivyo, yeyote anayetaka kung'oa injini ya gari lake na kutia mota ya stima hana budi kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: litafika wapi, na je, litarudi?

Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kulijibu swali hilo kwa kalamu na karatasi, kwa kutumia Fizikia hii hii tunayofundishwa katika Kidato cha Tatu. Wale mnaolikimbia somo hilo msifunge jarida. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kwanza, kazi yenyewe. Fundi hutoa injini, tangi la petroli, kabureta na ekzosi. Huacha giaboksi, magurudumu, usukani na breki. Palipokuwa na injini hufunga mota, akaishikanisha na giaboksi kwa bamba la chuma lililochongwa kwa kipimo. Betri huunganishwa moja baada ya nyingine ili volti zao zijumlike; betri 12 za volti 12 hutoa volti 144. Kati ya betri na mota huwekwa kontrola, chombo ambacho hufuata mguu wa dereva na kuachilia umeme kadiri anavyokanyaga. Mwisho ni chaja ya kuchomeka ukutani.

Haya si mambo ya ndoto. Hapa Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 2017 kwa jina Opibus, na ambayo sasa inaitwa Roam, ilibadilisha magari ya kubebea watalii yakawa ya stima. Huko Ujerumani, mwaka wa 2019, kampuni ya Volkswagen ikishirikiana na eClassics ilionyesha Beetle kuukuu iliyotiwa mota na betri za gari jipya. Betri hizo zilikuwa na uwezo wa uniti 36.8, na gari lilitarajiwa kwenda kilomita 200. Lakini angalia jambo hili: Beetle ya kawaida ina uzito wa kilo 800 hivi. Hiyo ya stima ilifika kilo 1,280. Hapo ndipo pana kiini cha mambo yote. Betri ni nzito!

Ni nzito kiasi gani? Sote tunaijua uniti ya stima, ile tunayonunua kwa tokeni. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 750 hivi, na ndani yake mna nishati ya karibu uniti 9. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, yenye maandishi ya ampea 100 kwa saa, ina uniti 1.2 tu na uzito wa kilo 30 hivi. Piga hesabu: ili kupata uniti 9 unahitaji betri saba na nusu, yaani kilo 225! Gramu 750 kwa upande mmoja, kilo 225 kwa upande wa pili. Bahati nzuri ni kwamba injini ya petroli ni mbadhirifu. Hutumia kama robo ya nishati au chini yake, na iliyobaki hupotea kuwa joto. Mota ya stima hutumia karibu tisa kwa kumi. Hata hivyo pengo linabaki kubwa.

Sasa tuje kwenye safari. Gari likienda barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, hupigana na maadui wawili. Wa kwanza ni mkwaruzo wa magurudumu, ambao huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka. Wa pili ni upepo, ambao haujali uzito bali mwendo. Chukua Beetle yenye betri, kilo 1,100 kwa jumla, ikienda kilomita 60 kwa saa. Magurudumu hudai kani ya nyutoni 130 hivi, na upepo nyutoni 140. Jumla ni 270. Kazi ni kani mara umbali. Kwa kilomita moja tunapata jouli 270,000. Uniti moja ya stima ni jouli 3,600,000. Ukigawanya, ni uniti 0.075 kwa kilomita. Ongeza kinachopotea katika mota na giaboksi, kisha usimamaji, kuondoka tena, matuta na vilima vyetu, na unafika uniti 0.15 kwa kilomita. Yaani uniti moja ni kilomita sita na nusu hivi.

Wanaopenda mbio wajue kwamba upepo hauna huruma. Ukitoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, zile nyutoni 140 zinakuwa kama 400. Na wanaoishi milimani kama sisi wajue kwamba kulipandisha gari hilo mita 100 tu kwenda juu kunakula uniti 0.3, sawa na kilomita mbili nzima za safari.

Hesabu hizi sikuzifanya kwa kujifurahisha. Mjomba wangu ana Beetle ambayo injini yake ilikufa kitambo, na kuku wamegeuza kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Gari lenyewe si la kudharauliwa, maana mwaka wa 1962 aina hiyo ilishinda mashindano ya Safari. Mafundi wa stima hulipenda kwa sababu ni jepesi, halina rejeta, na injini yake imeshikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi. Duka la mjomba liko kilomita 14 kutoka nyumbani. Fundi mmoja akamwambia anunue betri 12 za risasi. Ati betri 12 mara uniti 1.2 ni uniti 14.4, gawanya kwa 0.15, unapata kilomita 96! Mjomba akawa tayari kutoa pesa. Pesa zenyewe zilikuwa za ndama aliyeuza, zilizowekwa kwa karo ya binamu yangu anayeendelea na masomo.

Je, hesabu ya fundi ina kasoro gani? Kugawanya amegawanya sawasawa. Ila betri ya risasi si debe la maji ambalo unaweza kulimwaga hadi tone la mwisho. Ukiimaliza kabisa kila siku, itakufa mapema mno. Watu wenye busara hutumia nusu tu. Tena, yale maandishi ya ampea 100 hupimwa betri ikitoa umeme polepole kwa saa 20. Gari hudai umeme huo kwa saa moja, na hapo betri hutoa kama 60 badala ya 100. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, uniti 14.4 zinashuka hadi kama 4.3 za kutegemea. 4.3 gawanya kwa 0.15 ni kilomita 29 hivi. Betri zikichakaa hadi zibaki na uwezo wa asilimia 80, ni kilomita 23. Mjomba anahitaji 28 kwenda na kurudi. Zinapungua kilomita tano, na hujahesabu siku ya kupitia hospitali au kanisani.

Kuna jambo la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi. Beetle iliundwa kubeba mzigo wa kilo 380 hivi, watu na mizigo yao pamoja. Betri 12 ni kilo 360. Ukitoa injini, ekzosi na tangi, unapata nafuu kidogo, lakini mota na kontrola nazo zina uzito wake. Mwisho wa yote anabaki dereva na mkoba wake! Breki na springi hazikuundwa kwa zaidi ya hapo. Ukiongeza betri ili ufike mbali, unaongeza uzito. Uzito unadai umeme. Umeme unadai betri. Gari linakuwa punda anayebeba majani yake mwenyewe na hana nafasi ya gunia la mtu.

Nilipomwonyesha mjomba karatasi, aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, unaniambia nilifanye gari kibanda cha kuku?"

"La, mjomba," nikamjibu. "Kwani dukani hakuna stima?"

Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dukani stima ipo, na gari hukaa pale kutwa. Likichajiwa huko, haliitaji nguvu za kilomita 28 kwa mkupuo mmoja bali 14. Kilomita 14 ni uniti 2.1, ambazo soketi ya kawaida hurudisha kwa saa mbili au tatu. Basi betri 8 zinatosha: zina uniti 2.9 hivi za kutegemea, kilo zimepungua 120, na mke wa mjomba amepata kiti. Njia nyingine ni betri za lithiamu na chuma. Kwa uniti zile zile 14.4 uzito wake ni kama kilo 130 hadi 150 badala ya 360, unaweza kutumia asilimia 80 bila hofu, na hudumu miaka mingi zaidi. Tatizo lake ni bei. Mjomba aliamua kulipa karo kwanza. Kuhusu zile betri 8 bado anapiga hesabu, na safari hii anazipiga mwenyewe.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, kuna maonyo manne. Moja, usitumie betri za kuwashia gari. Bamba zake ni nyembamba na hufa upesi zikimalizwa mara kwa mara. Nunua zile za kutumika kwa kina. Mbili, volti 144 zinaua, kwa hivyo fyuzi na swichi ya kukatia umeme si mapambo. Tatu, betri za risasi zikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka. Pawe na hewa ya kutosha, na kibiriti kikae mbali. Nne, gari likibadilishwa hivyo lazima likaguliwe na kitabu chake kirekebishwe kule NTSA, la sivyo utakuwa na kesi na trafiki.

Nikitia tamati, nawaomba wenzangu mfanye jaribio dogo. Pima safari ya baba au mama ya kila siku, kwenda na kurudi. Zidisha kilomita kwa 0.15, na utapata uniti. Kisha uliza stima iko wapi njiani. Utashangaa jinsi safari zetu nyingi zilivyo fupi, na jinsi gari dogo jepesi linavyoweza kuzitosha kwa stima ambayo sehemu yake kubwa hutoka Olkaria na Mto Tana, hapa hapa kwetu. Na mtu akikutajia kilomita kabla hajataja kilo, mwombe akupe kalamu.