Horde imezimwa: barua pepe za biashara za Lodwar na Kakuma

Katika barabara ya A1, kutoka Lodwar hadi Kakuma, riziki ya wengi hutegemea zabuni: wakandarasi, wakodishaji magari, wenye hoteli, wauza vifaa vya ofisi. Utafiti wa IFC, taasisi ya Benki ya Dunia, wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 Kakuma, na uchumi wa kambi ya wakimbizi na mji ukakadiriwa kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Mzabuni mwenye anwani ya barua pepe inayoishia .co.ke huwa amelipia nafasi kwenye seva iliyo mbali na Turkana.

Kampuni nyingi za Kenya zinazokodisha nafasi hiyo hutumia cPanel, mfumo wa Kimarekani wa kusimamia seva, unaokuja na programu za kusomea barua pepe kwenye kivinjari. Toleo lake la 78, mwaka 2019, liliiondoa mojawapo, SquirrelMail; la 108, mwishoni mwa 2022, likaiondoa Horde. Ikabaki Roundcube.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Toleo thabiti la mwisho la SquirrelMail lilitoka Julai 2011. Juni 2022, watafiti wa usalama wa kampuni ya Sonar walieleza kasoro ya Horde ambayo mdukuzi angeweza kuitumia kuteka seva, mradi tu mtumiaji afungue barua yenye mtego. Seva moja hubeba wateja wengi, hivyo uzembe wa mmoja huwaumiza wote.

Hata hivyo, wenye mtandao hafifu walipoteza kitu. SquirrelMail ilifunguka bila JavaScript, kwa hiyo ilimfaa mwenye simu ya bei nafuu na bando dogo. Roundcube ni nzito zaidi, ingawa tangu toleo la 1.4 la mwaka 2019 inajipanga vizuri kwenye kioo cha simu.

Programu inapoondolewa, barua zenyewe hazipotei, kwani hukaa kwenye seva. Cha kuangaliwa ni daftari la anwani, kalenda na saini, ambavyo programu huweka kwenye hifadhi yake yenyewe. Kazi ya kuvihamisha ni ya kampuni inayopokea ada, si ya mwenye duka Kakuma. Taarifa nayo itumwe kwa SMS, kwa Kiswahili, mapema. Matapeli hupenda majira ya mabadiliko kama haya: hutuma ujumbe kwamba sanduku litafungwa, wakiomba nenosiri.

Roundcube nayo inahitaji ulinzi. Juni 2025 ilitoa matoleo ya 1.6.11 na 1.5.10 kuziba kasoro iliyodumu takriban miaka 10. Kabla ya kulipia mwaka mwingine, mteja wa Lodwar ana haki ya kuuliza kampuni yake inaendesha toleo gani.