Pole, Samahani na Nisamehe: Juu ya Maana ya Maneno na Kazi Yake

Kila mwalimu ajaye kukaa Dar es Salaam husimuliwa mapema asili ya jina la Kariakoo. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walipokwisha kuutwaa mji mwaka 1916, kikosi cha wachukuzi wa jeshi lao, kilichoitwa Carrier Corps, kilipiga kambi mahali pale. Watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa namna ya lugha yao, likawa Kariakoo. Habari hii yafaa kujulikana. Walakini mama atokaye Magomeni akisema, "Nakwenda Kariakoo," hasemi neno lo lote juu ya vita wala wachukuzi. Aenda kununua nazi na vitambaa, na amsikiaye humwelewa pasipo kujua asili ile. Basi, asili ya neno ni jambo moja, na maana yake ni jambo jingine. Atafutaye maana yampasa aangalie neno hilo lafanya kazi gani vinywani mwa watu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, kumbe laweza kumtia mtu hatiani bure. Na tufikiri mfano huu.

Katika Magomeni ziko nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma, ambamo wapangaji wote hufua na kupika. Tuseme mama mmoja amefua asubuhi, sakafu ya ua ikaloa. Mtoto wa chumba cha pili akapita mbio, akateleza, akaumia mkono. Mama yule akatoka upesi akamwinua, akisema, "Pole, mwanangu, pole!" Jioni wakagombana juu ya gharama ya dawa. Mwalimu mgeni, aliyekuwapo asubuhi, akaulizwa ushahidi wake, naye akajibu, "Mimi nilimsikia akikiri kosa. Alisema pole." Mzee wa nyumba akamwambia, "Mwalimu, hata wewe ulimwambia mtoto pole. Je, ni wewe uliyemwaga maji?"

Mgeni yule hakusema uongo. Amejifunza neno kwa kulilinganisha na neno la lugha yake, ambalo hufaa kwa kusikitika na kwa kuomba radhi pia. Lakini katika Kiswahili kazi hizo zimegawanywa, nasi yatupasa kuzitazama moja moja.

Kwanza, pole. Mfiwa huambiwa pole, na mgonjwa vilevile. Arudiye safarini huambiwa, "Pole na safari," na atokaye shambani, "Pole na kazi." Asemaye pole atangaza kwamba ameiona taabu ya mwenzake, naye yu pamoja naye. Hasemi taabu hiyo imetoka wapi.

Pili, samahani. Neno hili na kitenzi kusamehe vyatoka katika shina moja la Kiarabu. Hata hivyo, katika njia nyembamba za sokoni, mwenye mzigo husema, "Samahani, nipishe," na mgeni aulizaye njia huanza na samahani. Hapo hapana kosa lililotendeka. Aomba tu ruhusa ya kumsumbua mtu kidogo. Akimkanyaga mtu mguu, atalitumia neno lilo hilo kuomba radhi kwa jambo jepesi.

Tatu, nisamehe. Neno hili lakiri deni. Alisemaye ajiweka chini ya mwenzake na kungoja jibu lake.

Mwenye shaka na ayapime maneno haya kwa majibu yake. Pole hujibiwa, "Ahsante," au, "Nimekwisha poa." Nisamehe hujibiwa, "Nimekusamehe," au, "Sikusamehi." Hakuna amjibuye mtu aliyemwambia pole ya safari, "Nimekusamehe." Kwa jibu hilo lisilowezekana twajua kwamba pole si ungamo.

Wako wanafalsafa wa karne ya 20 walioifanya njia hii kuwa kazi yao. Ludwig Wittgenstein, ambaye kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba mara nyingi, ingawa si mara zote, maana ya neno ni matumizi yake katika lugha. J. L. Austin wa Oxford, aliyefariki mwaka 1960, alionyesha kwamba kusema mara nyingine ni kutenda: asemaye, "Naahidi," haelezi ahadi iliyoko mahali pengine, bali aifanya papo hapo. Mwaka 1956 alitoa hotuba juu ya udhuru, akisema kwamba maneno ya kila siku ambayo watu hujitetea nayo yana tofauti nyingi zilizohifadhiwa na vizazi vilivyotangulia, na mwenye hekima hazidharau.

Kiswahili chatoa ushahidi wake katika jambo hilo, tena si kwa maneno tu, bali kwa viambishi vya kitenzi. Mtoto aulizwapo juu ya kikombe, aweza kusema, "Nimekivunja." Hapo amejitaja mwenyewe. Aweza kusema, "Kimevunjwa." Hapo mtendaji hakutajwa, lakini yupo, na yafaa kuuliza, "Kimevunjwa na nani?" Aweza pia kusema, "Kimevunjika." Hapo lugha yenyewe yakataa swali lile, kwa maana hatusemi "kimevunjika na mtoto." Mwisho aweza kusema, "Kimenivunjikia," yaani kilikuwa mikononi mwangu, nami sikukusudia. Sauti mbili tatu tu zimebadilika, na hali ya mtoto mbele ya mwalimu wake imebadilika pia.

Hata hivyo, pasiwe na kosa la upande wa pili. Kujua kazi ya neno si kujua ukweli wa jambo. Mjanja aliyekivunja kikombe kwa makusudi aweza kujificha nyuma ya "kimevunjika," na mwenye hatia aweza kusema pole ili asiseme nisamehe. Lakini hila hiyo yawezekana kwa sababu kila neno lina kazi yake ijulikanayo. Kama maneno hayo yangekuwa sawa, mjanja asingepata faida yo yote kwa kuchagua moja na kuliacha jingine.

Basi, sisi tulio walimu na wachungaji, tuletewao magomvi ya watu kila juma, tusiamue kwa kamusi peke yake. Kamusi hupanga maana nyingi za neno, lakini haikuwapo uani. Kabla ya kuandika kwamba fulani amekiri, na tuulize mambo matatu: neno hili husemwa wakati gani, na nani kwa nani? Hujibiwaje? Na angaliweza kusema neno gani jingine, asiliseme? Yule mama wa Magomeni angaliweza kusema nisamehe. Hakulisema. Huenda ana kosa kwa kuacha maji sakafuni, na hilo lichunguzwe kwa haki. Lakini huruma aliyomwonyesha mtoto isiwe ndiyo hati ya kumshitaki.