Je, Wajua? Hata Jasho la Mshindani Lilipangwa

Je, wajua kwamba Mmarekani mmoja aliwahi kuagizwa akosee, mbele ya mamilioni ya watazamaji, swali alilolijua vizuri? Aliitwa Herbert Stempel, mshindani wa Twenty-One, kipindi cha chemsha bongo kilichoanza kurushwa na televisheni ya NBC mwaka 1956. Kila mshindani aliwekwa kwenye kibanda kisichopitisha sauti, ili mtazamaji aamini kwamba hakuna wa kumnong'oneza. Kumbe mnong'ono ulishapita mapema. Mtayarishaji Dan Enright alimpa Stempel maswali pamoja na majibu, akamvisha suti isiyomkaa vizuri na kumnyoa kijeshi, aonekane mlalahoi anayepambana. Kiyoyozi cha kibanda kilizimwa ili jasho limtoke, naye akafundishwa kuligusagusa kwa leso bila kulifuta, vipodozi visije vikaharibika!

Desemba mwaka huohuo ikafika zamu yake ya kushindwa. Aliulizwa ni filamu ipi iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda mno. Akajibu On the Waterfront, kama alivyoagizwa. Aliyempiku ni Charles Van Doren, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia na mtoto wa mshairi maarufu. Huyo alivuna dola 129,000 na kutokea kwenye jalada la jarida la Time. Naye alikuwa akipewa majibu.

Je, wajua nani alinufaika? Wadhamini. Twenty-One ilitangaza Geritol, dawa ya kuongeza damu. Kule televisheni ya CBS, chemsha bongo ya The $64,000 Question ilidhaminiwa na kampuni ya vipodozi, Revlon. Mwaka 1955 mwanasaikolojia Joyce Brothers alijitokeza humo akichagua kuulizwa kuhusu ndondi. Wakubwa wa Revlon walimtaka aondoke, wakamtungia maswali ya kumwangusha. Mama wa watu alikuwa amebukua vitabu vya ndondi vya kutosha. Akayajibu yote na kubeba zawadi kuu.

Siri ilianza kuvuja mwaka 1958, pale mshiriki wa kipindi kingine, Dotto, alipoliona nyuma ya jukwaa daftari la mwenzake likiwa na majibu. Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. La kushangaza ni kwamba hakuna aliyeshtakiwa kwa kupanga matokeo, maana wakati huo halikuwa kosa kisheria. Walioshtakiwa, Van Doren akiwemo, walishtakiwa kwa kudanganya chini ya kiapo. Sheria ya kukataza upangaji huo wa matokeo ilipitishwa mwaka 1960.

Je, wajua kwamba kuna mji wenye jina la kipindi cha chemsha bongo? Mwaka 1950 wakazi wa Hot Springs, New Mexico, walipiga kura mji wao uitwe Truth or Consequences, baada ya mtangazaji Ralph Edwards kuahidi kurusha kipindi chake kutoka mji utakaokubali jina hilo. Jina halijabadilishwa tena.

Na chemsha bongo ya Jeopardy!, je? Kashfa ile ya majibu ilikuwa bado mbichi pale mtayarishaji Merv Griffin alipokuwa akitafuta wazo la kipindi kipya. Mkewe, Julann, akamshauri awape washindani majibu waziwazi, wao watoe maswali. Kilianza kurushwa mwaka 1964.